Skuta ya cc 125 inalemewa mlimani: nifanye nini bila kuiua injini?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina skuta ya cc 125, ya kabureta, injini inapozwa na feni, na kwenye bloku imepigwa chapa 152QMI. Imeshatembea kilomita 14,000. Nikiwa peke yangu inafika 85 kwenye tambarare, lakini nikimpakia mke wangu tukaanza kupanda mlima inashuka mpaka 30, inaunguruma kama inakufa. Fundi wangu ananishauri nibadili silinda niweke kubwa, niondoe boksi la chujio la hewa nifunge lile chujio la koni, niweke CDI (kile kiboksi cha umeme kinachotawala cheche ya plagi) isiyo na kikomo cha mizunguko, rola za gramu 9 na springi ngumu ya nyuma. Anasema nitafika 100. Mimi nataka iwe nyepesi kidogo tu, na injini idumu. Nianzie wapi?

JIBU: Nzuri tu, ndugu yangu. Nianze kwa kumtetea fundi wako kidogo. Katika vitu vitano alivyokutajia, kimoja kinagusa shida yako kweli, nacho ni rola, ijapokuwa kwenda gramu 9 moja kwa moja ni kuruka ngazi tatu kwa hatua moja. Vinne vilivyobaki ni dawa ya ugonjwa usio wako.

Umeniletea maombi mawili kwenye bahasha moja. La kwanza, skuta isilemewe mlimani. La pili, ambalo naona limeingizwa na fundi, ifike 100. Yatenganishe, kwa sababu la kwanza linawezekana bila kuigusa injini kabisa, na la pili litaila injini yako. Anayekataa hapo ni upepo. Nguvu ya kuupasua upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo, kwa hiyo kutoka 85 kwenda 100 unahitaji nguvu zaidi ya asilimia 60 juu ya uliyonayo. Injini kama yako inatoa kilowati 6 hivi, yaani farasi 8, ikiwa kwenye mizunguko kama 7,500 kwa dakika. Chujio la koni halileti asilimia 60. Na hiyo 85 yenyewe hebu ipime siku moja kwa GPS ya simu. Spidomita za skuta hupenda kujisifu. Huenda ukakuta ulikuwa unakimbia 78.

Mlima ni habari nyingine. Tuchukue skuta ina kilo 110 na nyinyi wawili mna kilo 140, jumla 250. Mlima unapanda mita 10 kwa kila mita 100, nanyi mnataka kwenda 40. Kuinua uzito huo tu kunakula karibu kilowati 2.7. Tairi na upepo vinadai kama kilowati 1 nyingine. Belti na gia boksi navyo vina mgao wao, robo au moja ya tano ya kila kinachotoka kwenye injini. Ukijumlisha, kranki inatakiwa kutoa karibu kilowati 4.7. Kwenye mizunguko 7,500 injini yako inazo hizo na chenji inabaki. Kwenye mizunguko 5,000, kwa makadirio yangu, haina zaidi ya 4.4. Pengo ni dogo, lakini linatosha: mwendo unaanza kushuka, 38, 35, 32, mpaka unatulia kwenye 30 yako. Injini ni ileile na petroli ni ileile. Kilichobadilika ni mizunguko.

Ndiyo maana lile neno lako, "inaunguruma kama inakufa", limenisaidia kuliko maelezo mengine yote. Skuta inayoteleza belti au klachi hupiga kelele juu, injini inalia wiiii huku gari haliendi. Yako inashusha sauti, inakuwa nzito. Huo ni mlio wa injini iliyowekewa gia ndefu kuliko uwezo wake, sawa na dereva wa gari aliyesahau kushuka gia kwenye mlima. Skuta haina dereva wa kushusha gia. Kazi hiyo inafanywa na variata kwa mbele na puli ya klachi kwa nyuma. Mmoja kati ya hao wawili hafanyi kazi yake sawasawa, au wote.

Wanavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya variata kuna rola sita. Kranki ikizunguka, rola zinarushwa nje, zinapanda kwenye mteremko wake na kuisukuma puli ijifunge, belti inapanda juu, gia inarefuka. Kwa nyuma kuna springi kubwa inayovuta upande wa pili: inataka belti ibaki juu kwa nyuma, gia iwe fupi. Pamoja na springi kuna pini zinazocheza kwenye mifereji ya mshazari. Gurudumu likizidiwa na mzigo, mifereji ile inaisaidia springi kuifunga puli ya nyuma, na gia inafupishwa hapohapo. Mizunguko unayoisikia mlimani ndiyo mahali rola na springi walipopatana. Rola nzito zinaipeleka gia ndefu mapema, mizunguko inabaki chini. Rola nyepesi zinachelewa, mizunguko inabaki juu. Rola hazikuongezei nguvu hata chembe. Zinachagua tu utumie nguvu ya mizunguko ipi.

Usinunue kitu bado. Kwa kilomita 14,000, mimi ningeanza kwa kufungua kava la belti, kwa sababu nina wasiwasi skuta yako haikuwa hivi ilipokuwa mpya.

Kabla ya kubadili chochote ndani, kuna mtihani mmoja ninaoupenda sana kwa sababu unahitaji kalamu ya maka tu. Ukishafungua kava, chora mistari miwili mitatu kwenye uso wa puli ya mbele, ule unaoguswa na belti, kuanzia katikati mpaka ukingoni. Funga, kaendeshe kwenye barabara nyoofu mpaka mwendo wa mwisho, rudi, fungua. Belti itakuwa imefuta wino kila mahali ilipopita. Wino ukifutika mpaka karibu kabisa na ukingo, variata inafunga yote. Ukibaki wino wa milimita nne au tano kwa nje, hapo kuna mwendo ambao umeshaulipia na hujawahi kuutumia: belti imelika upande, au rola zimepata ubapa zimekwama, au kuna uchafu. Nimewahi kuona watu wamebadilisha kabureta na ekzosti wakati wino ulikuwa unawasubiri pale.

Belti ipime kwa kalipa. Yako, kama ni ya gia boksi ndefu, itakuwa imeandikwa 842-20-30. Fupi ni 743-20-30. Namba ya kwanza ni urefu kwa milimita, ya pili ni upana, ya tatu ni pembe. Kwa hiyo ikiwa mpya ina upana wa milimita 20. Ikishakula zaidi ya milimita moja ibadilishe, hata kama haina nyufa. Watu wengi hungoja nyufa. Belti nyembamba huzama kwenye puli, na gia zako zote zinahama. Ukifunga mpya, angalia mshale wa mwelekeo kama upo, na osha nyuso za puli zote kwa petroli kidogo au dawa ya kusafishia breki, kisha ziache zikauke. Usiguse tena kwa mikono ya oili.

Rola zitoe zote sita, zipange mezani na uzizungushe kwa kidole. Rola nzima inabingirika kama bilauri. Iliyolika inasimama kwenye ubapa wake. Hata moja ikiwa na ubapa, tupa zote sita. Na usipake grisi kwenye rola kama kitabu cha skuta yako hakisemi hivyo. Za aina yako kwa kawaida hukaa kavu, na grisi ikirushwa kwenye belti utaanza kuteleza.

Halafu nenda nyuma, na hapa ndipo ninapodhani mlima wako umejificha. Zile pini na mifereji ya mshazari hukaa kwenye grisi ndani ya kifuniko chenye mihuri ya mpira. Grisi inakauka, inakuwa gundi. Pini zikigoma, puli ya nyuma haijifungi mzigo unapokuja, na gia haishuki. Mwenye skuta anasema springi imechoka, fundi anauza springi ngumu, na kweli ngumu inasaidia kidogo kwa sababu inalazimisha. Lakini springi ngumu inaibana belti muda wote, hata kwenye tambarare unapotembea taratibu. Belti inapata moto, inakula nguvu, inakufa mapema. Toa pini, safisha, weka grisi mpya ya kuhimili joto kiasi cha ukucha, badilisha mihuri. Springi ya kiwandani ibaki. Ukiwa hapo angalia na viatu vya klachi. Vikiwa vimeng'aa kama kioo, visugue kwa msasa mpaka ming'aro iishe.

Sasa niseme neno kuhusu nati ya variata, maana hii imenitia aibu. Miaka ya mwanzo nilifunga belti mpya kwenye skuta ya mteja kwa haraka. Puli ya nyuma sikuipanua kwanza, kwa hiyo mbele ilikuwa imekaza, imekaa katikati ya uso wa puli na ile bomba ya chuma inayobeba variata. Nikakaza nati, ikakaza kweli, nikajua nimemaliza. Kumbe nilikuwa naibana belti, wala puli haikuwa imekaa kwenye meno ya kranki mpaka mwisho. Aliendesha siku mbili, belti ikajipangia nafasi yake, nati ikabaki na ulegevu wa unene wa kucha. Alivyorudi, meno ya kranki yalikuwa yameshasagwa. Kranki nzima, kwa uvivu wa dakika moja. Kwa hiyo: tenganisha puli ya nyuma kwa mikono, izamishe belti ndani mpaka mbele ilegee kabisa, ndipo uvae puli ya mbele, uhakikishe meno yake yanaonekana yametokeza na belti inachezacheza, kisha ukaze kwa spana ya kipimo kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni. Washa, zungusha kidogo, zima, kagua tena. Na usizuie feni kwa bisibisi iliyochomekwa kwenye mapezi, yanavunjika.

Ukishafanya hayo, rudi kwenye mlima uleule, na mama huyohuyo nyuma. Inawezekana kabisa habari ikaishia hapo.

Kama bado inashuka mizunguko, sasa rola. Za kwako zitakuwa za ukubwa wa 18 kwa 14, na skuta nyingi za aina hii hutoka na gramu 12 au 13 kila moja. Usiamini kilichoandikwa kwenye boksi. Ziweke juu ya mizani. Nunua pia kile kipima mizunguko kidogo ambacho waya wake unazungushwa kwenye waya wa plagi. Bila hicho utakuwa unatafuta kwa masikio, na masikio hupenda kelele. Pandisha mlima gesi yote, na mtu wa nyuma asome namba. Ikikaa 6,000, shuka gramu moja kwa kila rola, sita zote. Jaribu tena. Ukishakaribia, nenda kwa nusu gramu. Unatafuta namba itulie kati ya 7,000 na 7,500 huku mwendo ukipanda. Skuta nyingi zinazonijia kwa malalamiko kama yako huishia kwenye gramu 11 au hapo jirani.

Kwa nini si 9? Kwa sababu ukishavuka kilele cha nguvu unalipa bila kupokea. Injini itakaa juu hata unapotembea 50 kwa utulivu, petroli itaenda, belti itasaga, na mwendo wa mwisho unaweza hata kupungua. Dalili ya kuvuka ni rahisi: ukifungua gesi, kelele inatangulia na skuta inafuata baadaye. Ukisikia hivyo rudisha nusu gramu.

CDI isiyo na kikomo ndiyo inayonikera zaidi katika orodha ile, kwa sababu haimpi mwendeshaji chochote. Kama nguvu inafika kilele kwenye 7,500, kwenye 9,500 valvu na njia za hewa hazivuti tena vya kutosha, nguvu inashuka. Lakini nguvu inayoivuta na kuisukuma pistoni kila inapogeuza njia huongezeka kwa mraba wa mizunguko: kutoka 7,500 hadi 9,500 ni asilimia 60 zaidi, ikibebwa na koni rodi ileile, beringi zilezile. Springi za valvu nazo hufika mahali zikashindwa kuirudisha valvu kwa wakati, na pistoni inakuja. Kikomo cha mizunguko ni mlinzi wa usiku. Hakikuzuii kufanya kazi, kinakuzuia kufa usingizini.

Kuhusu chujio la koni. Boksi la hewa la kiwandani ndilo ambalo jeti za kabureta yako, vile vitundu vya kupimia petroli, zilisetiwa kwalo. Ukiliondoa, hewa inaongezeka, petroli haiongezeki, mchanganyiko unakuwa mkavu, na mkavu maana yake ni joto. Injini inayopozwa na feni haina maji ya kuficha kosa. Unaweza kusikia wepesi siku mbili za kwanza, ukasifu. Pistoni yenyewe haijasema bado. Nguvu nzuri hupatikana kwenye uwiano wa hewa na petroli wa 12.5 hadi 13 kwa 1, wakati uwiano kamili wa kuungua ni 14.7. Maana yake injini inapenda petroli ya ziada kidogo inapofanya kazi nzito, na hiyo petroli ndiyo inayoipoza. Na lingine: koni nyingi zinazouzwa hazichuji vumbi laini. Vumbi likichanganyika na oili linakuwa msasa, na ringi zako ndizo mbao. Baki na boksi lako. Osha sponji lake, likauke, lipake oili kidogo, kamua, rudisha. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira unaokwenda kwenye kabureta. Kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja nyuma ya chujio.

Huo mpira wa kuingizia hewa, pamoja na ule wa kati ya kabureta na hedi, uukunje kwa vidole utafute nyufa. Injini ikiwa inasilensa (inazunguka taratibu bila gesi) vizuri asubuhi halafu ikishapata moto inapanda mizunguko yenyewe, mara nyingi ni hewa inayoingia hapo. Ufa huo unaweza kukuua pistoni bila kugusa kitu kingine. Kabureta yako ni ya vakyumu, ina mpira mwembamba juu; ushike uelekeze kwenye mwanga. Tundu dogo la sindano tu linatosha kuifanya skuta iwe nzito kwenye gesi kubwa, na ni rahisi kulikosa.

Ekzosti, kama unaitaka kwa sababu ya mlio, sema hivyo na tutaelewana. Kwa mwendo, kwenye injini ya mipigo minne ya ukubwa huu, inaleta kidogo sana, na hicho kidogo unalazimika kukisindikiza kwa jeti kubwa zaidi. Ukishaifunga, fanya hivi: ukiwa kwenye gesi yote na mwendo, punguza gesi kidogo tu. Skuta ikishtuka kwenda mbele badala ya kulegea, jeti ni ndogo, petroli haitoshi. Simama, usiendelee na safari.

Plagi ya bei kubwa haiongezi nguvu. Petroli ya oktani ya juu pia haiongezi, kwa injini ambayo kitabu chake hakiidai. Plagi yako ya kawaida ni ya aina ya C7HSA. Iwe safi, pengo la milimita 0.6 au 0.7, basi. Rangi yake ikiwa ya kahawia hafifu kama karatasi ya mfuko, mko salama. Nyeupe yenye chembechembe, rudi kusoma kuhusu mchanganyiko mkavu.

Kitu cha nguvu ambacho watu hukipita ni kuseti valvu, maana hakina boksi la rangi. Kwa kilomita 14,000, kama haijafanywa, huenda valvu zimeshaingia kwenye viti vyake na nafasi imebana. Valvu iliyobana haifungi vizuri, kompresheni inavuja, na ya ekzosti inaungua ukingo kwa sababu haipati muda wa kuupitisha moto wake kwenye kiti. Injini iwe baridi kabisa, ya kulala usiku. Zungusha mpaka alama ya T ije kwenye mstari wake, na rocka zote mbili, vile vikono vinavyosukuma valvu, ziwe zinacheza. Zisipocheza umekamata mzunguko usiofaa, zungusha mara moja tena. Nyingi za aina yako hudai nafasi ya karibu milimita 0.10, shika kipimo cha kitabu chako. Fila geji, kile kijani chembamba cha chuma cha kupimia nafasi, ikipita, uisikie inavutwa kama unavyochomoa noti katikati ya kitabu kilichofungwa. Ikipita bila kugusa ni kubwa. Ikidai kusukumwa ni ndogo. Na ukishakaza nati ya kufungia, pima tena, kwa sababu kukaza huku kunahamisha.

Oili usiilaze. Injini yako haina chujio la karatasi, ina wavu tu, na inabeba kidogo, chini ya lita moja. Mimi ningebadilisha kila kilomita 1,500, hasa kama mnapanda milima wawili. 10W-40 inatosha. Kwa kuwa klachi ya skuta ni kavu, haiogelei kwenye oili kama ya pikipiki, unaweza kutumia ile iliyoandikwa JASO MB, ambayo ina msuguano mdogo. Kwenye pikipiki oili hiyo hutelezesha klachi. Usisahau gia oili ya nyuma, kikombe kidogo tu, 80W-90, ambayo watu wengi hawajui hata ipo.

Maganda ya plastiki yanayozunguka silinda, yote yawepo, na mpira unaozunguka plagi uwepo. Feni inapuliza hewa ndani ya maganda. Ukikosa kimoja hewa inatoka kabla ya kufika kwenye hedi. Nimefungua skuta nyingi zilizokula pistoni nikakuta kipande kimoja hakipo, na mwenyewe anasema "kile hakikuwa na kazi". Ondoa pia matope katikati ya mapezi ya silinda. Nyanyua tairi la nyuma injini ikiwa imezimwa, lizungushe kwa mkono: likigoma, breki inashika na inakula nguvu unayoitafuta kwenye rola. Upepo wa tairi la nyuma uwe wa watu wawili, maana mko wawili.

Kuhusu silinda kubwa. Ile 152 kwenye bloku ina maana: 1 ni silinda moja, 52 ni kipenyo kwa milimita. Kwa usahihi 52.4, na pistoni inasafiri 57.8, ndiyo inatoka cc 124.6. Ndugu yake 157QMJ ana safari ileile ya 57.8 na kipenyo cha 57.4, ndiyo cc 150. Kwa hiyo kuongeza kipenyo si uchawi, viwanda vyenyewe hufanya. Lakini kiwanda kilibadilisha na jeti, na kabureta, na vingine, na hakikuacha silinda iwe nyembamba ili bei iwe ndogo. Kubadilisha silinda nzima ya injini yenye kompresheni nzuri ni kuvunja nyumba kwa sababu ya mlango. Siku ringi zitakapochoka na lazima ufungue, hapo ongea na fundi habari za ukubwa, na bado mimi ningekwenda kidogo, na uangalie kibali cha skuta yako: sehemu nyingi usajili na bima vinahesabiwa kwa cc.

Kwa hiyo ukishaseti valvu, ukasafisha pini za nyuma, belti ni mpya, na umefika gramu 10.5 na bado mlimani haifiki 7,000, simama hapohapo. Usishuke rola zaidi, kwa sababu sasa unaficha ugonjwa. Pima kompresheni, gesi ikiwa imefunguliwa yote na injini ikiwa na joto. Ikiwa chini ya kiwango cha kitabu, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, ni ringi na silinda. Isipopanda, ni valvu. Niandikie utakachokipata, pamoja na uzito wa rola na namba uliyosoma mlimani.